Mheshimiwa Waziri, Mnamngoja Mtoto Huyu Afike Kizimbani

Kwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

Nakala: Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa, Baraza la Magavana.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mwakilishi wa wazazi katika bodi ya shule moja ya sekondari ya kutwa, shule ya kaunti ndogo ambayo huwezi kuiona ukipita barabarani. Humo kwenye bodi nilipewa kiti ambacho hakuna mzazi anayekigombea, cha kamati ya nidhamu. Kuhusu nidhamu yenyewe mmeshaandikiwa sana na maaskofu, vyama vya walimu na wabunge, na sina jipya la kuongeza juu ya malezi ya siku hizi. Mimi nakuandikia kuhusu pesa.

Swali langu ni hili. Mwanafunzi anayevuruga darasa mpaka mwalimu anaweka chaki chini, lakini ambaye hajavunja sheria yoyote ya nchi, akitolewa darasani, elimu yake inalipiwa na nani?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ina jibu, tena jibu zuri. Kifungu cha 35 kinasema mtoto aliyeandikishwa shuleni hatakaririshwa darasa wala hatafukuzwa. Kisha kinakuruhusu wewe Waziri kutunga kanuni za kumwadhibu au kumfukuza yule aliyeshindikana, baada ya njia nyingine zote kujaribiwa, na baada ya yeye na mzazi wake kusikilizwa. Mwishoni pana sharti ambalo nadhani wengi hufunga kitabu kabla ya kulifikia: mwanafunzi huyo ni lazima aingizwe katika taasisi inayoshughulikia urekebishaji huku elimu yake ikiendelea. Yaani Bunge lilikwisha kuona kwamba hatuwezi kumtoa mtoto darasani na kumwacha njia panda. Likaamuru awe na mahali pa kwenda.

Mahali hapo ni wapi, Mheshimiwa? Bodi yetu ilipouliza katika ofisi moja ya elimu, tuliambiwa tujaribu ofisi ya watoto. Ofisi ya watoto, kwa upole kabisa, wakatuuliza kama kijana ana kesi. Hana. Basi wakasema hawana la kufanya, na kwa mujibu wa kazi yao walikuwa sahihi. Shule za marekebisho tunazozijua, Kabete, Wamumu, Othaya, Likoni, Kericho, Kisumu na hii yetu ya Kakamega kwa wavulana, Dagoretti na Kirigiti kwa wasichana, ziko chini ya Idara ya Huduma za Watoto, katika wizara nyingine. Taasisi za Borstal, Shikusa na Shimo la Tewa za wavulana na Kamae ya wasichana, ziko chini ya Idara ya Magereza. Kote huko mtoto huingia kwa amri ya mahakama. Hakuna mwalimu mkuu, hakuna bodi, wala hakuna mzazi anayeweza kugonga lango la Shikusa akasema, nimekuletea huyu, nisaidie kwa muhula mmoja.

Shikusa si mbali na kwetu, ndiyo maana naitaja. Kijana wa miaka 15 hadi 17 akipelekwa huko anaweza kukaa hadi miaka 3. Serikali inamlisha, inamvisha, inamlaza, inamlinda usiku na mchana, inamfundisha useremala na ushonaji, na wengine wamefanya mitihani ya kitaifa wakiwa ndani. Sina ugomvi na hilo. Najiuliza tu kwa nini kijana huyohuyo, miezi michache kabla, akiwa bado na sare na daftari, hakuwa na hata senti moja aliyotengewa na serikali ileile. Pesa za mtoto mtukutu zipo, Mheshimiwa Waziri. Zinangoja kwanza achome kitu, aibe au amjeruhi mwenzake, ndipo zitoke.

Kabla ya hapo anayelipa ni mzazi.

Muhula mmoja alisimama mbele yetu mama anayeuza mboga sokoni. Mwanawe, wa Kidato cha Tatu, alikuwa na faili nene: kuwajibu walimu, kupiga kelele za makusudi, kuwatoza wadogo pesa za chakula, kutoroka masomo ya jioni, kumfungia mwalimu wa zamu mlango. Ukiyachukua moja moja ni mambo ya ujana. Yakikusanywa, darasa zima la watoto zaidi ya 50 lilikuwa halijafundishwa Hisabati ipasavyo kwa wiki kadhaa. Tukamweleza yule mama kwamba kijana atasimamishwa masomo. Hakulia wala hakututukana. Akamgeukia naibu wa mwalimu mkuu, akasema, "Mwalimu, mimi naenda sokoni alfajiri narudi usiku. Mnamrudisha kwa nani?" Tulitazamana. Kisha tukasaini barua.

Gharama zilianzia hapo. Siku ya kikao ilimpotezea mauzo, na siku ya kumrudisha kijana ikampotezea tena. Katikati, mtoto alishinda kituo cha bodaboda akijifunza mengine. Aliporudi na kuharibu tena, mama akashauriwa, kwa maneno ya kupapasa, amtafutie shule nyingine "kabla mambo hayajawa mabaya". Wewe unajua lugha hiyo, na kila mzazi nchini anaijua. Shule haimfukuzi mtoto kwa maandishi kwa sababu kanuni za 2015 zinadai mchakato mrefu ambao hauishii mezani pa mwalimu mkuu. Kwa hiyo anaondolewa kwa ushauri. Shule mpya inataka sare mpya, maana hata sweta hutofautiana kwa mstari mmoja. Inataka dawati au pesa ya dawati. Ikiwa ni ya bweni, inataka godoro, sanduku na karo, na karo ya bweni katika shule za daraja la juu ni shilingi 53,554 kwa mwaka kwa mujibu wa mwongozo wenu wenyewe, kabla ya nyongeza zisizoandikwa. Mwongozo unakataza nyongeza hizo, naam. Lakini mzazi anayetafuta nafasi katikati ya muhula, akiwa na mtoto mwenye sifa mbaya, hana ubavu wa kubishana na bursa, mhasibu wa shule.

Na pesa za serikali za mtoto huyo? Kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ametengewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Najua, na wewe unajua zaidi, kwamba hazifiki zote. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba Hazina inaweza kumudu takriban 16,900. Lakini hata hizo zinazofika hufuata jina lililo kwenye mfumo wa wizara wa kuandikisha wanafunzi, na jina halihami mpaka shule ya zamani ikubali liondoke. Kijana anaweza kuwa amekaa nyumbani au ameketi kwenye dawati la shule nyingine huku mgao wake ukinunua chaki kule alikotolewa. Simlaumu mwalimu mkuu yeyote kwa hilo, wana madeni ya chakula na umeme. Nalaumu mpango unaozipa shule faida ndogo kila mtoto msumbufu anapotoweka kimyakimya.

Ukifungua mgao wenyewe utaona mafungu yake: vifaa vya kufundishia, ukarabati, umeme na maji, usafiri, usimamizi, michezo na shughuli za ziada, bima. Mafunzo ya walimu wa Hisabati na Sayansi yametengewa shilingi 200. Fungu la ushauri nasaha halipo. Mwalimu anayeitwa wa ushauri nasaha katika shule nyingi ni mwalimu wa CRE (Elimu ya Dini ya Kikristo) au Kiswahili mwenye vipindi kamili kama wenzake, aliyeongezewa jina na pengine ufunguo wa chumba kilichokuwa stoo. Anazungumza na watoto wakati wa chai. Mtoto aliyeona baba yake akimpiga mama yake usiku anaombwa ayaeleze hayo katika dakika zilizobaki kabla ya kengele.

Ni muhimu kukumbuka tulifikaje hapa. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa kwa makusudi. Mwaka huohuo serikali ikafuta kiboko shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai likatoa ripoti kuhusu utovu wa nidhamu na migomo. Ushauri nasaha ukatajwa kuwa ndio utakaochukua nafasi ya fimbo. Baadaye Sheria ya 2013 ikaweka adhabu: anayempiga mwanafunzi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Nakubaliana na hatua hizo zote. Fimbo ilivunja mikono ya watoto na haikuzuia moto wa Kyanguli. Ila fimbo ilikuwa na sifa moja ambayo Hazina ya Kitaifa iliipenda: ilikuwa bure. Ilipoondolewa, kilichowekwa mahali pake kina gharama, na gharama hiyo haikuandikwa popote.

Matokeo yake ni kwamba kila wimbi la migomo likija tunarudi kwenye fimbo. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa. Mapema 2021 marehemu Profesa George Magoha, akiwa kwenye kiti chako, alisema waziwazi kwamba viboko virudishwe. Nilimwelewa hasira yake. Mtu mwenye jukumu bila bajeti hana kingine cha kushika isipokuwa mti. Mabweni yakiungua, wazazi wote huitwa wachangie ujenzi, hata wale ambao watoto wao walikuwa wamelala, na hakuna anayesema nchi haina pesa za kujenga bweni upya. Linajengwa. Lazima lijengwe.

Sasa nije kwenye hesabu, maana barua ya kulalamika tu haina maana.

Tuseme kila kaunti iwe na kituo kimoja cha kutwa, si bweni, kinachopokea wanafunzi 40 kwa wakati mmoja. Darasa la mtoto mgumu haliwezi kuwa la watu 50, hivyo mgao wa kawaida hautoshi. Tuuongeze mara mbili, uwe 44,488 kwa mwanafunzi. Kituo kimoja kitahitaji shilingi 1,779,520 kwa mwaka. Kaunti zote 47 zitahitaji karibu milioni 84, na nusu ya hizo si pesa mpya, kwa kuwa watoto hao tayari wamo kwenye hesabu yenu. Walimu wanalipwa na TSC popote watakapopangiwa. Ongeza mishahara ya washauri, chakula cha mchana na nauli kwa wanaotoka mbali, na hata ukizidisha jumla yangu mara tano hufiki nusu bilioni. Bajeti ya elimu ya 2025/26 ni shilingi bilioni 702.7. Najua wataalamu wenu watapata kasoro katika tarakimu zangu. Karibuni. Nitafurahi kusahihishwa na mtu aliyekaa kuzipiga, kwa sababu sijaona aliyezipiga.

Majengo yapo. Vyuo vya ufundi vya vijiji viko mikononi mwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba, na vingi vina karakana zilizo na vumbi zaidi kuliko wanafunzi. Ndiyo sababu nimewapelekea nakala magavana. Kijana anayeshindwa kuketi dakika 40 akisikiliza mofimu anaweza kuketi saa mbili akifungua injini ya pikipiki, kisha akafundishwa Hisabati ya injini hiyohiyo. Hili silisemi kama nadharia. Tazama vijana wanaozunguka mafundi wetu wa barabarani uone nani alikuwa "ameshindikana" shuleni. Washauri nao wapo. Tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014, na vyuo vikuu vinawahitimisha kila mwaka wakaenda kuuza bima.

Ughali wa jambo hili siuogopi kuutaja. Uingereza, ambako tulirithi kiboko pamoja na kaptula, walikipiga marufuku katika shule za umma kwa sheria ya 1986, na watoto wanaotolewa madarasani huko wana vituo vyao. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wizara yao na kuchapishwa 2018 ulionyesha nafasi moja ya muda wote inagharimu wastani wa pauni 18,000 kwa mwaka. Kwetu hesabu kama hiyo ni ndoto, na sikuombi uifuate. Lakini wao wanaweza kugombana juu ya tarakimu hiyo Bungeni, magazetini, kwenye mabaraza ya miji. Sisi tarakimu yetu imefichwa katika vibeti vya akina mama wa sokoni, ndipo inaonekana kama sifuri.

Kuna hatari moja ambayo nikinyamaza nitakuwa nimekudanganya, na ndiyo inayonikosesha usingizi katika pendekezo langu mwenyewe. Ukifungua kituo cha watoto wasumbufu, ifikapo Januari ya mwaka wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, walimu wakuu watagundua usumbufu mwingi ajabu miongoni mwa wanafunzi wanaopata alama ya D. Tunajuana. Shule zinapimwa kwa wastani wa alama, walimu wakuu wanapandishwa au kuhamishwa kwa wastani huo, na tayari watoto dhaifu hushawishiwa wahame kabla ya kusajiliwa kwa mtihani. Kituo kitageuka jaa. Kitapewa jina baya kijijini kabla hakijapakwa rangi, na mtoto atakayetoka humo hatapokewa popote.

Kwa hiyo naomba kanuni zenu ziwe kali upande huo kuliko upande wa mtoto. Mwanafunzi akipelekwa kituoni, jina lake libaki katika shule iliyomtoa na matokeo yake ya KCSE yahesabiwe kwa shule hiyo. Uingereza tathmini ya Edward Timpson ya 2019 kuhusu watoto wanaofukuzwa shuleni ilipendekeza jambo la namna hii, shule iendelee kuwajibikia mtoto iliyemfukuza. Hapo wanastahili kuigwa bila gharama yoyote. Mgao uende naye siku anayoondoka, shule isisubiri kuombwa. Muda wa kukaa uwe muhula mmoja, na ukiongezwa uongezwe kwa kikao ambacho mzazi yumo. Siku ya kurudi iandikwe kwenye barua ileile ya kumpeleka. Na asipelekwe mtoto ambaye hakuwahi kuketi na mshauri hata mara moja. Kigezo hicho peke yake, kikizingatiwa, kitapunguza foleni, kwani wengi wa hawa tunaowaita wakorofi wanahitaji mtu mmoja mzima atakayewasikiliza bila kutazama saa.

Hapo ndipo TSC inaponihusu. Sidai kila shule iajiriwe mwanasaikolojia kesho. Nadai mwalimu mmoja katika kila sekondari apunguziwe vipindi kwa nusu, vipindi hivyo vihesabiwe kuwa ni kazi ya ushauri nasaha, na upungufu ujazwe na mwalimu mwingine. TSC itasema ina uhaba wa walimu. Kweli ina. Lakini mwalimu aliyefukuzwa darasani kwa zomeo ya wanafunzi watatu naye ni uhaba, ila hauingii kwenye takwimu.

Kuhusu wale wengine waliobaki darasani, wale wanaofanya kazi zao na hawatajwi kwenye kikao chochote, nitasema kwa ufupi. Wazazi wao ndio wanaonipigia simu usiku. Hawataki mtoto wa mwenzao aharibikiwe. Wanataka Hisabati ifundishwe. Sina neno la kuwaambia zaidi ya kwamba tumemsimamisha, na atarudi baada ya wiki mbili akiwa vilevile, au amezidi.

Makadirio ya bajeti hupelekwa Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili. Kwa hiyo naomba majibu ya mambo matatu kabla ya wakati huo: ni taasisi ipi ya Wizara ya Elimu inayotimiza sharti la kifungu cha 35 leo, kama haipo, ni fungu gani la bajeti ijayo litakaloianzisha hata kwa kaunti chache za majaribio, na je, mgao wa mwanafunzi aliyesimamishwa au kuhamishwa unaweza kumfuata bila kungoja hisani ya shule aliyotoka? Kakamega iko tayari kuwa mojawapo ya hizo za majaribio, na bodi yetu imejadili chuo cha ufundi kilicho karibu nasi ambacho kina karakana mbili tupu.

Majibu yanaweza kupitia kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Kikao chetu kijacho cha nidhamu kina majina matano.

Wako mtiifu,

Mwakilishi wa wazazi,
Bodi ya shule ya sekondari ya kutwa, Kaunti ya Kakamega.